Watumishi Waliotutangulia: Kasisi Apolo wa Mboga



Mwezi huu twamkumbuka Kasisi Apolo Kivebulaya, aliyelala katika Bwana tarehe 30 Mei 1933 huko Mboga, katika nchi ya Kongo. Wengi wamelisikia jina lake, lakini si wote wazijuao kazi zake. Na mimi nataka hasa tuangalie neno moja katika maisha yake, nalo ni hili: kurudi.

Apolo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake alikuwa askari, tena mvuta bangi, wala hakuna aliyedhani kuwa huyo atakuwa mchungaji wa watu. Lakini Neno la Mungu lilimshika, akabatizwa mwaka 1895. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti jekundu la kiaskari alilolivaa pamoja na kanzu yake. Maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Koti lilikuwa la Ulaya, lakini mwenyewe alikuwa Mwafrika aliyewapelekea Waafrika wenzake habari njema.

Mwaka 1896 alivuka mto Semliki akafika Mboga, karibu na msitu mkubwa wa Ituri. Waalimu waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa maana mtawala wa nchi ile, Tabaro, hakuwapenda, nao walikosa chakula. Apolo alifanyaje? Alishika jembe akalima shamba lake mwenyewe. Hivyo njaa haikuweza kumfukuza. Akafundisha watu kusoma, na baadhi yao wakaamini. Tabaro alipoona watu wanaacha mambo ya zamani, alikasirika, na Apolo akapigwa.

Kisha likatokea jambo zito zaidi. Dada yake Tabaro alikuja kusaidia kazi ya ujenzi, akajikwaa akauangukia mkuki uliokuwa majanini, akafa. Apolo alishitakiwa kwa ajili ya kifo hicho, akafungwa kamba, akavushwa mto, akatiwa gerezani huko Toro. Ndugu, fikirini uzito wake: mtu hana hatia, yu mbali na kwao, na waliomshitaki ndio wale wale aliokuwa akiwafundisha. Baadaye alisimulia ya kuwa mle kifungoni alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo kwa kuwa yu pamoja naye.

Hatia haikuonekana, akafunguliwa. Sasa njia mbili zilikuwa mbele yake. Njia ya kwao Buganda ilikuwa wazi, wala hakuna ambaye angemlaumu kama angeifuata. Lakini alirudi Mboga. Hakurudi kudai haki yake, wala kumwaibisha aliyemtesa. Alirudi kufundisha kama kwanza. Tabaro alistaajabu sana. Hakuweza kufahamu ni nguvu gani inayomrudisha mtu mahali alipopigwa. Mwisho wake moyo wake ukalainika, akaomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo. Yale ambayo mahubiri mengi hayakuyafanya, yalifanywa na miguu ya mtu aliyerudi.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903. Kwa miaka mingi alitumika Toro, kisha akarudi tena Mboga, ambayo wakati huo mpaka ulikuwa umeitia upande wa Kongo ya Wabelgiji. Na alipokuwa karibu na miaka sitini, umri ambao wengi hutafuta kivuli, aliingia msituni kwa Wambuti, watu wafupi waishio kwa kuwinda, ambao majirani zao wengi waliwadharau. Yeye aliketi nao, akajifunza lugha yao, akaanza kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao wenyewe. Hakuwa na mke katika miaka ya utumishi wake, wala hakukusanya mali.

Karibu na kufa kwake aliagiza jambo moja. Desturi ilikuwa mtu azikwe kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, uliko msitu, kwa sababu huko walikuwako watu ambao hawajasikia bado. Hata kaburi lake lilikuwa likionyesha njia ya kazi iliyobaki. Nayo haikukatika: mwaka 1972 mahali pale, paitwapo sasa Boga, pakawa na dayosisi, na Kanisa la Anglikana la Kongo lamhesabu Apolo kuwa baba yake.

Waalimu wenzangu, twajua mambo ya vituoni. Mahali pengine mwalimu hapewi hata kibaba cha unga. Pengine husingiziwa neno, na moyo humwambia, Funga mzigo wako. Siku hiyo mkumbukeni Apolo, jembe lake na safari yake ya kurudi. Mvumilivu hula mbivu; lakini Apolo hakungoja tu chini ya mti, aliendelea kuupalilia.

Nanyi wenye nyumba, baba na mama, tazameni upande wenu. Je, mwalimu wenu ana chakula? Akisingiziwa, ni nani kwenu atakayeuliza kweli kabla ya kumhukumu? Na ikiwa yuko aliyeondoka kwenu kwa uchungu, jamaa au jirani, jioni ya leo semeni habari zake pamoja na watoto, mkamwombee; na kesho mmoja wenu aende kumwamkia. Msingoje aje yeye kwanza.

Mungu awape neema. Ni mimi ndugu yenu katika kazi ya Bwana.