WATOTO WETU WAJUE WADUDU KWA MACHO



Mvua zikinyesha, taa zetu za Kaloleni, Makadara na Jericho huzungukwa na wadudu. Yuko mmoja mwembamba, mwekundu na mweusi, tunayemwita nzi wa Nairobi. Si nzi, ni jamii ya mbawakawa. Haumi wala hadungi, lakini maji ya mwili wake yana sumu. Ukimponda juu ya ngozi, baada ya siku moja au mbili hutoka malengelenge kama ya moto. Yafaa kumpuliza aende zake, na kuosha ngozi kwa sabuni. Wazee wanakumbuka alivyojaa mjini mwaka 1998, baada ya mvua kubwa za El Niño.

Mtoto wa mwenzetu mmoja alimponda shingoni. Juma lile lile alikuwa amepata alama zote shuleni: mdudu ana miguu sita, na mwili wa sehemu tatu. Alipoulizwa kama yule aliyemponda ni wa namna hiyo, alinyamaza. Hakuwahi kuhesabu miguu ya mdudu hata mmoja.

Hatumlaumu mtoto, wala mwalimu mwenye watoto wengi katika chumba kimoja. Miaka mingi mafunzo yalifuata mtihani. Somo la sayansi katika KCPE, iliyofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lilitaka mtoto achague jibu moja katika manne. Basi wakakaririshwa majina. Mtaala mpya, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, wasema mtoto ajifunze kwa kutenda. Ni maneno mema. Lakini mwalimu akiandika ubaoni na mtoto akinakili tu, jina limebadilika na kazi ni ile ile.

Sisi wa reli twajua. Hakuna anayekabidhiwa breki za behewa kwa kuwa amekariri kitabu. Hupelekwa shedi, akashika, akakosea mbele ya fundi, akasahihishwa.

Katika kila aina kumi za wanyama duniani, zaidi ya tisa hawana uti wa mgongo. Nao hawauzwi dukani. Nyungunyungu yuko chini ya jiwe, konokono ukutani, buibui darini. Mtoto akihesabu miguu minane ya buibui, hatamweka kundi moja na nzi. Akiona viluwiluwi vikigeuka mbu ndani ya chupa iliyofunikwa, atamwaga maji ya kopo nyuma ya nyumba bila kuambiwa.

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, tuhudhurie mikutano ya wazazi, tuulize watoto hutolewa nje kujionea mara ngapi. Pili, tusikubali kutozwa fedha za vifaa mahali ambapo chupa tupu yatosha. Tatu, mtoto akileta konokono nyumbani asipigwe. Aulizwe ameona nini, kisha anawe mikono.

Jasho letu ndilo linalonunua madaftari. Tudai elimu, tusilee kasuku.

Umoja ni nguvu.