Ufundishaji wa Kutafuta Kosa: Funzo Kutoka Katika Keneli ya Linux

Katika ufundishaji wa somo la kompyuta, sisi wakufunzi hutumia muda mwingi kuwafundisha wanachuo namna ya kuandika programu, na muda mchache mno kuwafundisha namna ya kutafuta kosa katika programu iliyokwisha kuandikwa. Kosa litokeapo, aghalabu mkufunzi huketi mbele ya mashine, akarekebisha mistari miwili mitatu, na somo likaendelea. Mwanachuo huliona jibu lakini haioni njia. Maoni yetu ni kwamba kutafuta kosa ni ujuzi wenye kanuni zake, na hapana budi ufundishwe kwa utaratibu. Ili kuitetea rai hiyo tutachukua mfano mmoja wa kweli, ambao kwa mtazamo wa kwanza waonekana kuwa mgumu kupita kiasi kwa darasa.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo igawayo kumbukumbu ya mashine, na ndiyo ipokeayo pakiti za mtandao na kuzifikisha kwa programu zinazohusika. Pakiti ifikapo, keneli huitengea nafasi katika kumbukumbu. Kazi ikiisha, nafasi hiyo hurudishwa ghalani ili apewe mwingine. Kosa tunalolizungumzia hutokea pale sehemu moja ya keneli inaporudisha nafasi ilhali sehemu nyingine bado inaishika anwani yake na itakuja kuitumia. Ubaya wa kosa la namna hii ni kwamba halitoi dalili papo hapo. Anwani iliyokufa haina alama ya kifo. Yafanana na iliyo hai. Nafasi ikisha kupewa mwingine, mshikaji wa kwanza husoma au huandika ndani ya mali isiyo yake, na mashine huanguka mbali na mahali kosa lilipotendeka, pengine katika msimbo usio na hatia yoyote. Katika shughuli za mtandao ugumu huzidi, kwa kuwa pakiti huwasili wakati wowote na vichakataji kadhaa hufanya kazi kwa pamoja. Mtu akiongeza amri za kuchapisha ujumbe ili aone kinachotendeka, mwendo wa mashine hubadilika kidogo na kosa laweza kujificha.

Mnamo Februari 2017 Andrey Konovalov alitangaza kosa la aina hii katika keneli ya Linux, lililopewa namba CVE-2017-6074. Lilikuwa katika itifaki ya DCCP, iliyoingizwa katika keneli hiyo mwaka 2005. Kwa hiyo lilikuwa limekaa humo kwa zaidi ya miaka 11 hivi, likisomwa na watu wengi pasipo kuonekana. Kisa chake ni hiki. Soketi ingojayo wageni ilipopokea pakiti ya ombi, na mwenye soketi akiwa ameomba habari za pakiti zihifadhiwe, keneli iliiweka anwani ya pakiti ile na kuongeza moja katika hesabu ya washikaji wake. Hadi hapo kazi ilikwenda sawa. Lakini baada ya kulishughulikia ombi, msimbo uliruka hadi mahali pa kutupa pakiti, na amri iliyotumika hapo iliiachia nafasi bila kuitazama hesabu. Soketi ilipokuja kufungwa, keneli iliifuata anwani iliyohifadhiwa na kutaka kuiachia mara ya pili pakiti ambayo haikuwa yake tena. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida, asiye na madaraka yoyote katika mashine, aliweza kujitwalia mamlaka yote.

Dawa ilikuwa fupi kuliko maelezo ya ugonjwa. Mahali pa amri ile palitiwa amri iitwayo consume_skb, ambayo hupunguza hesabu kwanza, na huachia nafasi pale tu mshikaji wa mwisho anapoondoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, na hesabu iliandikwa barabara. Aliyetupa mali ndiye hakulifungua.

Jambo linalotuhusu zaidi sisi walimu ni jinsi kosa lilivyopatikana. Konovalov alitumia syzkaller, chombo kinachoirushia keneli maombi mengi ya namna mbalimbali. Chombo cha aina hiyo hufanya kazi pamoja na mlinzi aitwaye KASAN, ambaye huzitia alama nafasi zilizorudishwa na kuchelewesha kugawiwa kwao upya. Nafasi iliyorudishwa ikiguswa, KASAN hutoa ushahidi wa mambo matatu: ni wapi nafasi iliguswa, ni wapi ilitolewa hapo mwanzo, na ni wapi iliachiwa. Asomaye ushahidi wa kwanza peke yake atamlaumu mguswaji wa mwisho. Asomaye yote matatu kwa pamoja ataweza kuuliza swali lililo sahihi: kati ya kutolewa na kuguswa, ni nani aliyeachia kabla ya wakati wake, na kwa ruhusa gani?

Utaratibu huu waweza kufundishwa hata mahali pasipo na kompyuta ya kutosha. Tunapendekeza zoezi la wanafunzi wanne na kadi zenye namba. Wa kwanza ni mtunza ghala. Wa pili mpokeaji wa pakiti. Wa tatu soketi. Wa nne mgeni. Mpokeaji apewe kadi namba 7, na ubaoni iandikwe kwamba mshikaji ni 1. Soketi aandike "7" katika daftari lake, na hesabu ipande kuwa 2. Kisha mpokeaji airudishe kadi bila kuugusa ubao. Mtunza ghala ampe mgeni kadi ile ile, naye aifute na kuandika maneno yake. Hatimaye soketi afungue daftari, aitafute kadi namba 7 na kuisoma kwa sauti. Darasa liulizwe: mkosaji ni nani? Wengi watamnyoshea kidole soketi, kwa sababu ndiye aliyesoma maneno yasiyo yake. Mwalimu asiwasahihishe. Awatake waandike ushahidi wa mambo matatu, kisha waupime mbele ya hesabu iliyo ubaoni.

Baada ya hapo wanafunzi wapendekeze dawa, na kila dawa ijaribiwe kwa kadi zile zile. Atakayesema kadi zisirudishwe kamwe ataona ghala likikauka. Atakayesema soketi aikague kadi kabla ya kusoma ataona kwamba kadi ni nzima na namba yake ni sahihi, hivyo ukaguzi hausaidii. Atakayesema mwenye kurudisha apunguze hesabu kwanza ndiye ataliona zoezi likimalizika salama. Hivyo darasa litajifunza kutofautisha kati ya kuificha dalili na kuondoa chanzo.

Yawezekana baadhi ya wakufunzi wenzetu watasema kwamba muda wa kipindi hautoshi na kwamba mtihani hupima jibu. Hoja hiyo ina uzito, lakini yaelekea kutuhukumu sisi kuliko kuututea utaratibu uliopo. Tukitoa alama kwa programu inayokwenda tu, tunamfundisha mwanachuo kupapasa hadi mashine inyamaze. Mwanachuo huyo kesho ni mwalimu, na wanafunzi wake watamwuliza kwa nini. Simu zote zitumiazo Android zina keneli ya Linux ndani yake, na wengi wetu tumeziwekea fedha na siri zetu humo. Watakaozitengeneza na kuzilinda wamo madarasani.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba kila zoezi la programu liwe na sehemu ya maandishi ambamo mwanachuo ataeleza dalili aliyoiona, mambo aliyodhani, alivyoyajaribu, na chanzo alichokithibitisha. Na sehemu hiyo ipewe alama zisizopungua zile za programu yenyewe. Gharama yake ni karatasi, kadi chache, na uvumilivu wa mwalimu wa kutolitaja jibu mapema.