RWEYA SI PORI LA BURE

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba rweya ni pori tu, haina mwenyewe, na akija tajiri akaitaka heri apewe. Mimi naona maneno hayo ni ya hatari, hasa kwetu watu wa Rubafu.

Kwanza, rweya ina kazi. Majani tunayotandaza shambani hutoka huko, na ng'ombe wanaotupa mbolea hulishwa huko. Mtu akiizungushia ua, migomba na kahawa itadhoofu, ingawa kibanja chenyewe hakikuguswa.

Pili, wazee wetu walikwisha kuyaona haya. Katika nyarubanja, Mukama aliweza kumgawia ndugu yake au mtu wake ardhi pamoja na watu waliokaa juu yake. Mkulima akajikuta mpangaji katika kibanja cha baba yake, naye akatakiwa kutoa sehemu ya mazao. Kahawa ilipopata bei, tamaa ikazidi. Desturi hiyo ilivunjwa kwa sheria za Bunge za mwaka 1965 na 1968.

Je, tumeiondoa nyarubanja ya Mukama ili tulete nyarubanja ya muhuri? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kwamba halmashauri ya kijiji ni mdhamini tu. Haiwezi kumgawia mtu ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Na ardhi ikitwaliwa, fidia iwe kamili, ya haki, tena ilipwe upesi.

Wengine watasema mashamba makubwa huleta kazi. Sikatai, lakini mgeni mwema hubisha hodi. Aje mkutanoni na ramani, aseme ataka ekari ngapi na kwa miaka mingapi. Akina mama nao waulizwe, maana tangu mwaka 1990 Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kuwa mwanamke wa Kihaya ana haki sawa na mwanamume katika kuuza ardhi ya ukoo.

Sisi wanafunzi, tukitimiza miaka 18 tutakuwa wajumbe wa mkutano huo. Ni aibu kujua ramani za nchi za mbali na kutojua mpaka wa rweya yetu. Basi likizo hii tuwaulize wazee mpaka uko wapi, na mbiu ya mkutano ikipigwa, asibaki nyumbani mwenye haki ya kwenda.