Acheni Riwaya Zetu za Mapenzi, Bana

Kila nikiposti riwaya ya mapenzi ya kuchekesha, lazima msee mmoja atokee kwa komenti kuuliza, "Kwani huna kitabu cha maana?" Sawa. Leo tuongee.

Mnasema mwisho unajulikana: watapendana, watakosana, watarudiana. Ni kweli. Lakini wewe wa hadithi za upelelezi, ni mara ngapi muuaji alikosa kujulikana? Na vile vitabu vyako vya kutajirika, kuna chenye kiliwahi kukwambia ulale hadi saa nne? Unajua kabisa utaambiwa uamke saa kumi na moja uoge maji baridi, na bado unanunua chenye kinafuata. Mwisho kujulikana haujawahi kuwa shida. Shida ni kwamba hivi vyetu husomwa sana na wasichana, na vinatuchekesha.

Ati havina uzito. Chukua Get a Life, Chloe Brown ya Talia Hibbert, ya 2019. Chloe ni dada mweusi wa Uingereza mwenye fibromayalgia, yaani mwili unamuuma siku nenda siku rudi na hakuna kidonge cha kuimaliza. Alipoanza kuugua, mchumba na marafiki walimtoroka. Red, jamaa anayesimamia ploti anayokaa, naye ametoka kwa mwanamke aliyekuwa akimtesa. Wepesi uko wapi hapo? Tofauti ni kwamba Hibbert anakupitisha kwa hayo yote ukicheka, na hamuui Chloe ndio wewe upate funzo. Nilicheka kwa mat hadi konda akaniuliza kama niko sawa. Hadithi ngapi mmesoma zenye kazi ya mgonjwa ni kufa tu ili wengine wabadilike? Mimi nikijua Chloe atafika salama, napata nguvu ya kusoma zile kurasa za maumivu bila kurukaruka.

Shuleni tulipewa Chozi la Heri. Familia ya Ridhaa inachomewa nyumbani. Ni kitabu kizito na kinafaa kusomwa, hapo sibishani na mtu. Lakini tulisoma majonzi, tukayajibia swali la alama 20, tukaambiwa hiyo ndiyo fasihi. Halafu watu wazima wanashangaa mbona tukimaliza KCSE hatugusi riwaya tena. Mimi niliacha chuo, hakuna mwalimu ananisukuma, na bado nasoma. Hivi vitabu mnavyovicheka ndivyo vinanifanya nisome.

Siseme vyote ni vizuri. Kuna vile vya bosi bilionea anayemfuata msichana hadi kwao baada ya kuambiwa hapana. Hayo si mapenzi, hiyo ni kesi. Vichaneni hivyo, nitawasaidia. Lakini chaneni kitabu chenye mmesoma, si rangi ya jalada.

Na wachapishaji wetu, nyinyi pia. Nataka msichana wa Umoja, maji yamepotea wiki ya pili, na jirani wa juu mwenye mitungi kumi anayejifanya hamwoni. Wagombane kwa ngazi. Mama mboga ajue wanapendana kabla wao wenyewe wajue. Yote kwa Kiswahili chenye tunaongea. 500 yangu iko hapa kwa M-Pesa, na hakuna mtu anataka kuichukua.