Yakobo Hakuvumilia, Alitoroka

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Mhubiri alikuwa ameshika moto, waumini wamejaa hadi kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa nje, akasema kuna vijana wetu wa hapa Eastlands, Nairobi, ambao Mungu amewafungulia milango ya ofisi kubwa za Westlands, nao wanataka kuacha kazi eti wamechoka. Watu wakacheka. Akawaambia wamtazame Yakobo: alimtumikia Labani miaka 7, akadanganywa, akatumikia mingine 7, wala hakuacha kazi. Mvumilivu hula mbivu! Kanisa zima likaitikia amina.

Kando yangu alikuwa ameketi binti wa kakangu, mwenye miaka 24. Hakusema amina. Aliinamisha kichwa akaanza kubandua rangi ya kucha zake, ukucha mmoja baada ya mwingine, hadi mahubiri yakaisha.

Nianze na huyo Yakobo, maana nimesoma Biblia tangu nikiwa Sunday School na sikubali mtu anikatie hadithi katikati. Fungua Mwanzo sura ya 31. Yakobo alifanya kazi kwa Labani miaka 20 kwa jumla, si 14. Katika miaka hiyo mshahara wake ulibadilishwa mara 10. Mwishowe alifanya nini? Alipanga wake zake na watoto juu ya ngamia, akakusanya mifugo yake, akangoja Labani aende kukata kondoo manyoya, akatoroka. Hakuaga. Na aliyemwambia aondoke ni Mungu mwenyewe. Mhubiri aliyefika sura ya 29 akafunga kitabu ametuibia mwisho wa hadithi, na mwisho ndio wenye habari.

Imani ya mhubiri huyo ndiyo ninayoipinga, na si ya makanisani pekee. Utaisikia kwenye matatu, kwenye matanga, kwenye vikao vya chama, kwa kila mzazi wa Umoja, Kayole na Donholm: kwamba mwenye kazi Nairobi hana ruhusa ya kuchoka, na kwamba anayeiacha kabla ya kupata nyingine ana kiburi au amelaaniwa. Shukuru, wenzako wanakanyaga lami na bahasha za kaki. Na sentensi ambayo haikosekani ni hii: wazee wetu walivumilia.

Hawakuvumilia. Nitalirudia hili mpaka mtu anisikie.

Nimezaliwa Makongeni, mtaa wa watu wa reli, na babangu alikuwa fundi. Shifti yake ilipoisha aliweka spana chini, akanawa mikono kwa sabuni ya kipande, akatembea nyumbani. Hakuna bosi aliyemfuata hadi chumbani saa tano usiku kumwambia spana aliyoitumia mchana haikumpendeza mteja. Kazi ilikuwa ngumu, ndiyo, na mshahara ulikuwa mdogo, lakini ilikuwa na mlango. Ukitoka, umetoka. Na waajiri walipozidisha, wafanyakazi wa kizazi kile walisimama. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma. Mei 1, 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mwendo mfupi tu kutoka nyumba tuliyolelewa, Makhan Singh alisimama akadai uhuru waziwazi. Mei 15 yeye na Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini kwa zaidi ya wiki. Makhan Singh alizuiliwa hadi 1961.

Hao ndio wazee wetu. Ukipita Kaloleni leo, ukumbi ule bado upo. Usiniambie watu waliojaza ukumbi ule walikuwa wakifundishana kuvumilia.

Sasa nieleze kazi ya huyu binti wa kakangu, kwa sababu wengi wanaomhukumu hawajui anafanya nini. Ameajiriwa na kampuni ya ushauri wa biashara. Ni konsaltanti mpya, mwezi wa tano huu. Kampuni za namna hiyo hazina dukani kitu cha kuuza ila saa za watu. Mradi huuzwa kwa bei iliyokwisha kukubaliwa, halafu kadiri wanaoufanya wanavyokuwa wachache na saa zao nyingi, ndivyo faida inavyonona. Mshahara wa kijana haupandi hata shilingi akikesha. Kwa hiyo anakamuliwa aliye chini kabisa, yule ambaye bado anaogopa kusema hapana, tena mara nyingi ni yule aliyetoka mtaa kama wetu na ana wadogo wawili wa kulipiwa karo.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi yuko stejini Buruburu. Matatu ya kwanza inatambaa Jogoo Road hadi mjini, ya pili inampeleka Westlands. (Barabara ya juu ya kulipia ya kilomita 27 ilipofunguliwa 2022 ilitoka Mlolongo hadi huko huko Westlands, sisi wa Jogoo Road tunaiona kwenye picha.) Saa mbili ameketi kitini, na hatoki kabla ya saa nne usiku. Piga hesabu: saa 14 kwa siku, siku tano, ni saa 70, na Jumamosi bado sijaitia. Saa tatu za usiku ndipo mkubwa wake anapomrudishia slaidi: viboksi vya bluu viwe kijani, mshale uelekee kushoto. Teksi inamleta usiku wa manane, mlinzi wa geti amekwisha kuzoea.

Na yote hayo ni kwa ajili ya nini? Wiki sita alikuwa akiandika mpango mkakati wa ofisi moja ya umma. Jambo hili la mipango linanikera peke yake. Sheria inazitaka kaunti zetu zote 47 ziwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Nani hapa mtaani ameuona wa Nairobi, achilia mbali kuusoma? Makaratasi ya namna hiyo yanajaa nchini, yana picha nzuri na majedwali, na maji ya mfereji bado yanakuja kwa zamu. Kijana anapoteza usingizi kwa kazi ambayo yeye mwenyewe anajua itaishia kabatini. Hilo huchosha kuliko wingi wa saa.

Binti huyu alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya, ameacha kuimba. Nywele zinakatika. Mwezi jana aliniambia, "Shangazi, nimechoka hata kulala kunanichosha." Akaongeza kwamba huwa analia kwenye choo cha ofisi, lakini analia haraka, kwa sababu kila robo saa ya kazi lazima iandikwe imetumika kwa mteja gani.

Shirika la Afya Duniani liliuandika uchovu wa aina hii mwaka 2019 katika orodha yake ya magonjwa na mambo yanayoathiri afya. Likaeleza kwamba ni jambo la kazini, linalotokana na shinikizo la kazi lililoachwa likae bila kushughulikiwa, na likataja dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kuichukia kazi, na uwezo wa kuifanya kushuka. Soma tena. La kazini. Halikusema ni la tabia, wala la malezi, wala la imani haba. Mwaka 2021 shirika hilo pamoja na lile la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40, na kwamba saa ndefu ziliua watu 745,000 mwaka 2016. Binti wetu yuko kwenye 70. Mjini Pune, India, mhasibu wa miaka 26 alifariki Julai 2024, miezi minne tu baada ya kuanza kazi katika kampuni kubwa, na mamake akaandika barua kwa wakubwa kueleza jinsi mwanawe alivyolemewa na kazi. Mama huyo aliambiwa mangapi kuhusu kuvumilia kabla ya kuandika barua hiyo?

Baada ya ibada, tukiwa kwenye chai na mandazi, mzee mmoja wa kanisa alinijia na hoja yake aliyoiona nzito sana. Mtu anachokaje, akaniuliza, ameketi kwenye kiti chenye magurudumu, ndani ya kiyoyozi, akibonyeza kompyuta isiyo na uzito? Mama mboga wa soko la Wakulima ndiye anayechoka. Nilimwangalia. Mzee huyu huyu, kamati ya ujenzi ikikaa saa tatu, hutoka ameshika kiuno na siku ya pili haonekani. Mtahiniwa wa mtihani huketi pia. Dereva wa lori la Malaba huketi kutwa. Hakimu huketi. Kama makalio ndiyo kipimo cha uchovu, basi mfungwa ndiye mtu aliyepumzika kuliko wote Kenya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wanaoupima kwa macho ndio wanaopewa maikrofoni.

Wengine huja na hoja ya kodi ya nyumba na mkopo wa masomo wa HELB. Nimezisikia. Nilikaa na binti nikazihesabu naye kwenye daftari: mshahara toa teksi za wikendi, toa chakula cha kununua kwa kuwa hana saa ya kupika, toa dawa za kichwa na za tumbo, toa daktari. Kilichobaki hakikutisha mtu. Tena nyumbani kuna chumba chake, na kakangu hajawahi kumfungia mtoto mlango.

Najua ninachosema, maana mimi nilivumilia. Miaka 9 katika ofisi moja ya hapa mjini, nikiitikia amina kila Jumapili na kumeza dawa ya vidonda vya tumbo kila Jumatatu. Nilipoondoka walinipa saa ya ukutani, na kiti changu kilikuwa na mtu mwingine kabla mwezi haujaisha. Mwanangu wa kwanza alijifunza kusoma nikiwa kazini. Mbivu zilikuwepo kweli, nilizipanda na kuzimwagilia mimi, wakazila wengine.

Basi nimwambie kijana wa Buruburu, wa Kariobangi, wa Komarock, mambo ambayo hatayasikia mimbarini. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku moja nzima ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Ukiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, notisi ya siku 7 inatosha. Ukishathibitishwa na unalipwa kwa mwezi, ni siku 28. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira ya kazi yanayofaa. Hakuna aliyekupa hizi kama sadaka. Zimetokana na watu kama wale wa Kaloleni.

Na mhubiri wetu akitaka mfano mwingine wa Biblia ninao. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, akiwa amelala chini ya mti nyikani, malaika hakumhubiria habari za uvumilivu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha akamwambia ale tena.

Jumatatu jioni binti alikuja kwangu mapema, saa moja, mara ya kwanza tangu Januari. Nilimpikia chapati na ndengu. Alipomaliza kula alinipa simu niisome barua yake ya notisi. Ilikuwa na mistari sita, na neno "samahani" lilikuwemo mara tatu. Nikayafuta yote matatu, nikamrudishia simu, akaituma.