Anayemsema Mgombea na Ajitaje

Katika miji ya mwambao wetu, posa iletwapo nyumbani, wazee wa binti hawatoi jibu siku ile ile, bali huomba muhula, na katika muhula huo humtuma mtu mwenye busara akaulizie mtaani: kijana huyu ni wa nani, riziki yake hutoka wapi, anadaiwa na nani, na kama alipata kuoa kabla, waliachana kwa sababu gani. Jirani aulizwaye hapaswi kuficha. Wanazuoni wa Kiislamu, pamoja na ukali wao wote juu ya ghiba, wameitoa nasaha ya posa katika uharamu huo, maadamu linalosemwa ni la kweli na halipiti kadiri ya haja. Kwani kumsitiri mposaji mwenye taksiri kubwa ni kumtosa binti asiye na hatia.

Nimeanza na posa kwa sababu mpiga kura naye ni mzee wa binti. Nchi ndiyo amana aliyowekewa, wagombea ndio waposaji, na matangazo ya siasa, yawe ya redioni, ya televisheni au ya simu ya mkononi, ndiyo maneno ya mtaani yanayomfikia kabla hajatoa jibu. Maneno hayo ni ya namna mbili: ya kujisifu, na ya kumtia mwenzio ila. Waulize watu barazani wanayapenda yapi, na wengi watakujibu kwamba wamechoshwa na kashfa, na kwamba mgombea aseme yeye atatenda nini, asishughulike na mwenzake.

Jawabu hilo ni la murua, lakini halielezi yote yaliyomo nyoyoni mwetu. Huko Marekani, ambako ufundi huu umekomaa mno, tangazo la Lyndon Johnson dhidi ya Barry Goldwater, lililomwonyesha mtoto wa kike akichambua na kuhesabu petali za ua kabla ya mripuko wa bomu la nyuklia, lililipiwa na kuonyeshwa mara moja tu, tarehe 7 Septemba 1964, na hata leo linasimuliwa na watu waliozaliwa baada ya wagombea wale kufariki. Wataalamu Richard Lau, Lee Sigelman na Ivy Brown Rovner, walipokusanya na kupima tafiti zaidi ya 100 mwaka 2007, walikuta kwamba tangazo la kushambulia hukaa akilini kuliko la sifa, lakini hawakupata ithibati kwamba humvunia kura aliyelitoa, kwa kuwa alisikiaye huweza kumchukia anayesemwa na vilevile kumchukia asemaye. Walilolikuta pia, nami ndilo linalonisikitisha, ni kwamba imani ya raia kwa serikali, na yakini yake kwamba sauti yake ina uzito, hupungua. Kidogo, naam, lakini hupungua.

Ingekuwa wepesi kuhukumu hapo hapo kwamba sifa ni halali na lawama ni haramu. Hukumu hiyo siikubali. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na hajapata kuonekana mgombea aliyelipia tangazo la kuwajulisha watu kwamba zahanati aliyoiahidi miaka 5 iliyopita bado ni msingi uliomea nyasi. Habari hiyo, kama haikuletwa na mpinzani wake, huenda isiletwe na mtu. John Geer, mwanachuoni wa Marekani aliyeyachunguza matangazo ya uchaguzi wa urais wa nchi yake tangu mwaka 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 kwamba matangazo ya lawama aghalabu hubeba hoja na ushahidi zaidi kuliko ya sifa. Sababu yake haifichiki: anayejisifu huachwa aseme, ama anayemlaumu mwenzake hudaiwa dalili.

Basi ovu liko wapi? Tuitazame Kenya. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, ilienea katika simu za Wakenya filamu ya sekunde 90 iliyoichora Kenya ya mwaka 2020 chini ya Raila Odinga kuwa nchi iliyozama katika maangamizi. Jina la kampeni hiyo, The Real Raila, lilionekana. Jina la mwenyewe halikuonekana. Kando yake palikuwa na kampeni nyingine, Uhuru for Us, ya kumsifu Uhuru Kenyatta. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, uchaguzi ukiwa umekwisha pita, shirika la Privacy International la London lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba zote mbili zilikuwa kazi ya kampuni moja ya Texas, Harris Media. Sifa na kashfa zilipikwa jiko moja, ng'ambo ya bahari, zikapakuliwa mbele ya umma uliokuwa haujapoza majonzi ya mwaka 2007 na 2008, fitina za uchaguzi zilipomwaga damu ya watu zaidi ya 1,100.

Huyo si jirani aliyeulizwa akajibu. Hiyo ni barua isiyo na jina, iliyosukumwa usiku chini ya mlango wa nyumba yenye posa. Mzee ataisoma, na akiisha kuisoma hataweza kuisahau, wala hana wa kumwuliza, "Umeyajuaje haya?"

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba sheria zetu zisiupime ukali wa maneno, bali zimdai mwenyewe. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2002, humlazimu mgombea wa nafasi za kitaifa kutamka kwa kinywa chake, katika tangazo lake la redio au televisheni, kwamba ameliridhia. Nasi tuidai dhima hiyo, na tuifikishe mpaka kwenye simu, ambako ndiko kashfa ilikohamia: kila tangazo la siasa lililolipiwa libebe jina la aliyelilipia na la aliyelitengeneza. Sisemi raia mnyonge anayefichua ubadhirifu avuliwe sitara yake. Huyo analindwa, maana aweza kuponzwa na ukweli. Nasema juu ya mwenye fedha anunuaye masikio ya maelfu ya watu, kisha akajificha nyuma ya pazia.

Wakenya watapiga kura tena mwezi wa Agosti 2027, na waposaji wameanza kubisha hodi. Wajisifu wapendavyo, na wenzao wazitaje kasoro zao bila ya haya, maadamu kila asemaye amesimama mlangoni, uso wake unaonekana, na anaweza kuulizwa.