Waajirini, visingizio vimetosha

Kila bajeti inapokaribia, maneno ni yale yale: mishahara ya watumishi wa umma imekuwa mzigo, nchi haiumudu, sharti upunguzwe. Kisha macho yote yanageukia muuguzi wa zahanati na mwalimu wa sekondari msingi. Tumeyasikia vya kutosha.

Kenya haina wauguzi wa ziada. Haina walimu wa ziada. Shirika la Afya Duniani linataka angalau madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000 ili huduma za msingi ziwafikie watu ipasavyo, nasi bado tuko mbali na kiwango hicho. Ingia zahanati ya mashambani, mara nyingi utamkuta muuguzi mmoja. Ndiye anayepima waja wazito, ndiye anayechanja watoto, ndiye anayegawa dawa na kujaza rejista. Akienda likizo, mlango unafungwa. Akiugua, unafungwa vilevile.

Wakati huohuo vijana waliosomea uuguzi, utabibu na ualimu wamekaa nyumbani. Vyeti wanavyo, leseni wanazo. Wengine wanauza mitumba, wengine wanaendesha bodaboda. Julai 2021 serikali ilitia saini mkataba na Uingereza ili wauguzi wetu wasio na kazi wakaajiriwe huko. Fikiria hilo kidogo. Mzazi aliuza ng'ombe kumlipia kijana karo, ushuru wetu ukachangia mafunzo, hospitali zetu zikampokea kwa mazoezi, halafu tukatafuta nchi nyingine ya kumlipa. Hatumlaumu kijana anayekwenda. Angefanya nini, na hapa aliambiwa hakuna nafasi ilhali wodi aliyofanyia mazoezi haina mtu wa zamu ya usiku?

Tunaambiwa sheria imeifunga serikali mikono. Kweli, kanuni za usimamizi wa fedha za umma zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na Aprili 2024, kwenye kongamano la kitaifa la mishahara pale Bomas, viongozi waliazimia kufikia kiwango hicho ifikapo 2028. Lengo lenyewe halina ubaya. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka ushuru wote uishie kwenye mishahara, barabara na maji yakose senti. Lakini kanuni hiyo haikusema aanze kukatwa nani. Kwenye orodha hiyohiyo ya malipo yumo muuguzi wa Marsabit, na yumo mshauri wa ofisi kubwa Nairobi ambaye hata wenzake hawajui anashauri nini. Kuchagua ni kazi ya watu, na watu hao wamekuwa wakichagua vibaya.

Tazama yaliyowapata madaktari wanagenzi. Makubaliano ya mwaka 2017, yaliyopatikana baada ya mgomo wa siku 100, yaliwapa takriban Sh206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema uwezo wake ni Sh70,000, kwa sababu ya gharama ya mishahara. Madaktari wakagoma kuanzia katikati ya Machi hadi Mei 8, siku 56. Hospitali za umma zikakwama. Mwenye pesa akaenda ya kibinafsi, asiye nazo akarudi nyumbani na mgonjwa wake. Ilipofika Desemba mwaka huohuo, serikali ikakubali kulipa kama ilivyoandikwa 2017. Sasa siku zile 56 ziliokoa nini? Hakuna aliyejitokeza kutuonyesha.

Wahudumu wa mpango wa afya kwa wote (UHC) nao waliajiriwa mwaka 2020 wakati Covid ilipokuwa imetukaba koo. Walikuwa zaidi ya 8,000, wote kwa kandarasi, wakilipwa chini ya wenzao waliofanya kazi ileile katika wodi ileile. Kandarasi zikaongezwa, zikaongezwa tena. Mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, wakidai ajira ya kudumu. Wizara ikasema hilo ni jukumu la kaunti. Kaunti zikasema fedha hazijaja. Mtu aliyeingia wodi za Covid wengine tulipojifungia nyumbani hastahili kulala kwenye lami ili alipwe haki yake.

Upande wa shule hali ni hiyohiyo. Sekondari msingi ilipoanza, serikali iliwachukua walimu kwa jina la wanagenzi, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu aliyehitimu, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), anayeingia darasani asubuhi hadi jioni na kufundisha hata masomo ambayo hakuyasomea, si mwanagenzi. Ni mwalimu anayepunjwa. Mahakama ya Ajira ilisema Aprili 2024 kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri walimu kwa mtindo huo. Januari 2025 walimu 46,000 hatimaye wakapewa ajira ya kudumu, na tukafurahi pamoja nao. Mwaka huohuo wakachukuliwa wanagenzi wengine 20,000. Yaani tulitoka kwenye shimo tukalichimba upya.

Wanaosema kubana ajira ni kuokoa fedha wanasahau kwamba gharama haiishi kwa sababu serikali imekataa kuilipa. Inahama. Mwalimu akikosekana, shule inamtafuta mwalimu wa BOM, yaani anayeajiriwa na bodi ya shule, na mzazi anaitwa mkutanoni kuambiwa kila mtoto alete kiasi fulani kila muhula. Ushuru alishalipa, sasa analipa mwalimu mara ya pili. Anayeshindwa, mtoto wake anarudishwa nyumbani. Zahanati ikikosa muuguzi, mama anapanda bodaboda hadi duka la dawa na kununua vidonge vya makisio. Akizidiwa usiku, familia inakodi gari, na gari la usiku lina bei yake. Hesabu za Hazina ya Kitaifa haziyaonyeshi haya. Za mama huyo zinayaonyesha, mpaka shilingi ya mwisho.

Na wala hii si mara ya kwanza. Mwaka 1998, baada ya serikali kuahidi walimu nyongeza kufuatia mgomo wa 1997 kisha ikaona bili ni kubwa, idadi ya walimu ilifungiwa kwenye 235,000. Ikawa anaajiriwa mwalimu pale tu mwingine anapostaafu, kufa au kuacha kazi. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Ule ulikuwa uamuzi mwema kuliko mwingi uliowahi kufanywa nchini. Lakini mlango wa ajira ulibaki umefungwa, na watoto waliokuja kwa furaha wakajikuta wamebanana 80 na zaidi katika darasa moja. Kizazi kizima kilisoma hivyo. Wengi wao leo ni wazazi, na wanaombwa wachangie mwalimu wa BOM kwa sababu somo lenyewe halikushika.

Serikali inayowaondoa wauguzi na walimu ili kulipa madeni ni sawa na mtu anayeng'oa mabati ya nyumba msimu wa mvua akayauze ili amalize deni la dukani. Deni ni la kweli, hatubishi. Lipo, na riba yake inameza sehemu kubwa ya tunachokusanya. Lakini hakuna nchi iliyowahi kulipa madeni kwa kuwa na watoto wasiosoma na wafanyakazi wagonjwa.

Basi fedha zitoke wapi? Swali hili huulizwa kana kwamba halina jibu, na jibu serikali yenyewe ilikwisha kulitoa. Julai 5, 2024, siku chache baada ya vijana kujaza barabara kupinga Mswada wa Fedha na wengine kupoteza maisha, Rais William Ruto alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya umma yenye majukumu yanayogongana, kupunguzwa kwa washauri kwa nusu, na kuondolewa kwa bajeti za ofisi za wake wa viongozi. Kwa hiyo walijua. Walijua palipo na mafuta ya kupunguza, na wakasubiri mpaka watu wafe ndipo waseme. Tunachotaka sasa ni orodha: lipi kati ya mashirika hayo 47 limefungwa kweli, nani ameondoka, na kilichookolewa kimekwenda kituo gani cha afya.

Kisha isafishwe orodha ya malipo. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imewakuta watumishi 2,067 wenye vyeti bandia katika taasisi ilizokagua. Kila mmoja wao ameketi mahali pa kijana mwenye cheti halali. Ongeza wafanyakazi hewa, ambao ripoti za ukaguzi wa kaunti zimekuwa zikiwataja mwaka baada ya mwaka. Kuwaondoa si jambo la kusubiri mtaalamu kutoka ng'ambo. Kila anayelipwa aende kituo chake cha kazi, na kitambulisho, cheti na alama za vidole, mkuu wake atie saini kwamba anamfahamu. Asiyetokea, malipo yasimame. Aliyeghushi arudishe alichokula. Na mkuu aliyemtilia saini mtu asiyekuwepo aende naye mahakamani, maana mfanyakazi hewa hajiandiki mwenyewe.

Vyama vya wafanyakazi navyo viliunge mkono zoezi hili bila kigugumizi. Hatumtetei daktari anayesaini asubuhi hospitali ya umma kisha akashinda kliniki yake. Hatumtetei mwalimu anayeonekana siku ya mshahara. Mtu wa namna hiyo ndiye anayewapa wanaotaka kukata kisingizio chao kizuri zaidi, na wenzake wanaobeba kazi yake wanamjua kwa jina.

Baada ya hapo, ajirini. Ndilo jambo kila mtu analolizunguka. Kila kaunti inajua zahanati zake zilizo na muuguzi mmoja, na zile zilizojengwa, zikapakwa rangi na kufunguliwa kwa sherehe, ambazo bado zimefungwa kwa kukosa mhudumu. TSC inajua shule zenye upungufu. Chukueni orodha hizo, anzeni na vituo visivyo na mtu kabisa, jazeni nafasi kwa ajira ya kudumu na pensheni, na mwaka ujao mwendelee na vinavyofuata. Si lazima wote waingie siku moja. Lazima idadi iandikwe, itengewe fedha, na ifuatwe.

Wala mshahara wa muuguzi haupotei angani. Kabla haujamfikia umeshakatwa kodi ya mapato, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba. Unaobaki unalipa pango, duka, mboga na karo hapohapo mtaani. Ukimwajiri muuguzi Lodwar, soko la Lodwar linajua. Fedha za safari za maofisa zinaishia uwanja wa ndege.

Nasi wananchi tuache kulalamika nyuma ya mlango. Katiba inataka makadirio ya bajeti yafike Bungeni angalau miezi miwili kabla mwaka wa fedha kuisha, yaani mwisho wa Aprili, na umma usikizwe. Mwite mbunge wako na mwakilishi wadi wako. Waulize, zahanati yetu ina wauguzi wangapi na inatakiwa iwe na wangapi? Shule yetu ina walimu wangapi wanaolipwa na TSC, na wangapi wanaolipwa na sisi? Wajibu kwa idadi, mbele ya watu. Mmoja wao akikujibu kwamba nchi haina fedha, mwombe akuonyeshe bajeti ya safari na burudani ya ofisi yake mwenyewe, kisha upige kura mwaka 2027 kulingana na jibu utakalopewa.